Ukiona Vyaelea Vimeundwa: Duke Kahanamoku na Kipimo cha Ubao wa Kwanza

Kila mwaka pepo za kusi zikishika na Ghuba ya Malindi kuumuka mawimbi, swali huwa ni lile lile: ubao wa kutelezea mawimbini, ukitaka kujiundia mwenyewe, uwe na urefu gani? Anayeuliza aghalabu ni kijana aliyejikusanyia vijisenti, akaona kwenye simu video ya bingwa wa ng'ambo akipinda na kuruka na kiubao kisichomzidi kimo, na sasa ameshashika msumeno. Anataka namba. Futi ngapi, inchi ngapi, basi akate.

Mimi si bingwa wa mchezo huo. Nimekulia Lamu, karibu na mafundi wa vyombo, na kwa miaka mingi nimependa kusoma habari za watu wa bahari nyingine. Kwa hiyo kabla ya namba, mimi humsimulia muulizaji maisha ya mtu mmoja wa Hawaii, marehemu Duke Kahanamoku, aliyeutoa mchezo huu ufukweni kwao na kuutembeza duniani. Bwana huyu aliunda mbao zake kwa mikono yake, na vipimo alivyochukua havikuwa vya aina moja. Ndani ya tofauti hizo ndimo jibu lilimo.

Duke Paoa Kahanamoku alizaliwa Honolulu, kisiwa cha Oahu, tarehe 24 Agosti 1890. Wengi ng'ambo walidhani Duke ni cheo cha kikabaila. Sivyo. Lilikuwa jina la baba yake, aliyepewa kwa kumbukumbu ya ziara ya Mtawala wa Edinburgh, mwana wa Malkia Victoria, aliyefika Hawaii mwaka 1869. Baba akamrithisha mwanawe wa kwanza. Mzee huyo alikuwa askari polisi, na nyumba ilikuwa na watoto tisa. Walikaa Waikiki karibu na jamaa za mama, ukoo wa Paoa, na bahari ndiyo iliyokuwa ua wao wa kuchezea.

Alipozaliwa, Hawaii ilikuwa bado ufalme wenye mfalme wake. Alipokuwa na miaka miwili, Januari 1893, ufalme ulipinduliwa na kundi la wafanyabiashara na wenye mashamba ya miwa, wengi wao wenye asili ya Marekani. Mwaka 1898 Marekani ikavitwaa visiwa rasmi. Kijana huyu basi alikua katika nchi ambayo wenyeji walikuwa wameshapoteza serikali, ardhi nyingi na sehemu kubwa ya watu wao kwa maradhi yaliyoingia na meli za wageni tangu mwaka 1778.

Pamoja na hayo yote, mchezo wa mawimbi nao ulikuwa umefifia. Zamani ulichezwa na wafalme, wavuvi, wanawake na watoto. Wamisheni waliokuja karne ya 19 hawakuupenda, na watu wenyewe walikuwa wamepungua mno. Duke alipokuwa mtoto, waliobaki wakiupanda mawimbi kwa kusimama walikuwa wachache, na wengi walikuwa pale pale Waikiki. Yeye na ndugu zake walikuwa miongoni mwa kizazi kilichouamsha.

Sasa tuje kwenye mbao zenyewe. Wahawaii wa kale hawakuwa na kipimo kimoja. Kulikuwa na ubao mfupi wa kulalia kifudifudi, ulioitwa paipo. Kulikuwa na alaia, mwembamba wa unene, mrefu kuliko mtu, uliochongwa kwa mti wa koa, ambao ni jamaa ya migunga yetu, au kwa mti wa mshelisheli, huu huu tunaoujua kwa matunda yake. Kisha kulikuwa na olo, ubao mrefu na mnene ulioandamana na machifu, uliopendwa kuchongwa kwa mti mwepesi uitwao wiliwili. Alaia ulifaa wimbi linalosimama na kuvunjika kwa ghafla. Olo ulifaa wimbi pana linaloviringika taratibu kutoka mbali. Wazee wale walijua kwamba wimbi ndilo linaloanza kusema, na ubao hujibu.

Tusiyaone mambo haya kuwa ya kigeni kwetu. Wahawaii ni wa jamii kubwa ya mabaharia wa Kiaustronesia, wale wale ambao tawi lao jingine lilivuka Bahari Hindi hadi Madagascar. Wanaochunguza asili ya ngalawa wanaeleza kwamba matengo yake, ile miti ya pembeni inayoizuia isipinduke, ni ufundi uliotufikia kwa njia ya watu hao. Mtumbwi wa Hawaii wenye tengo na ngalawa ya Msambweni ni binamu.

Duke alipofika ujana, mbao nyingi pale Waikiki zilikuwa za futi 6 hadi 8. Mnamo mwaka 1910 yeye akachonga wa futi 10. Upana wake ulikuwa inchi 23 hivi, unene inchi 3, na uzito kama kilo 32. Aliutoa kwenye mti wa redwood, mti mwekundu uliokuwa ukiletwa kwa meli kutoka California, maana koa ilikuwa ghali na adimu, na redwood ilipatikana kwa wauza mbao mjini. Haukuwa na pezi chini. Ukitaka kupinda, uliburuza mguu majini upande unaotaka kwenda.

Kwa nini futi 10? Mtazame mwenyewe. Duke alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 1, mabega mapana, viganja na nyayo kubwa mno. Ubao wa futi 7 chini ya mtu wa kiasi hicho huzama nusu na kuburuza maji. Tena mawimbi ya Waikiki huanzia mbali kwenye miamba ya nje, na anayetaka kuyakamata huko lazima apige makasia kwa mikono mapema, kabla wimbi halijavunjika. Ubao mrefu hushika mwendo mapema. Aliupima mwili wake, akaupima ufuo wake, akaangalia mti uliopo, ndipo akashika randa.

Watu wale wa ufukweni walikuwa na chama chao, Hui Nalu, maana yake umoja wa mawimbi, kilichoundwa rasmi mwaka 1911. Wengi wao, Duke akiwemo, walijipatia riziki kwa kuwafundisha wageni wa hoteli kuogelea na kupanda mawimbi, na kuwatembeza kwa mitumbwi. Kwa jina lao la huko waliitwa vile vile tunavyowaita vijana wetu wa Diani na Watamu: bichi boi. Nawaomba wanaolitamka jina hilo kwa dharau walikumbuke hili. Mmoja wa waogeleaji wakubwa wa karne iliyopita alikuwa bichi boi.

Mwaka huo huo wa 1911, tarehe 11 Agosti, chama cha riadha kilifanya mashindano ya kuogelea bandarini Honolulu, katika maji ya gati, kati ya meli. Duke aliogelea yadi 100 kwa sekunde 55.4, akaipita rekodi ya dunia kwa zaidi ya sekunde nne. Wakuu wa mchezo huko Marekani bara hawakukubali. Walitilia shaka saa, wakatilia shaka kipimo cha maji, wakasema huenda mkondo ulimsukuma. Ilibidi wenyeji wachange nauli na kumpeleka bara mwaka 1912 akajithibitishe. Mara ya kwanza kuogelea katika birika la ndani, huko Pittsburgh, maji yalikuwa ya baridi asiyoizoea, misuli ikamkaza, akatolewa majini. Hakukata tamaa. Aliendelea na mashindano mpaka akaingia kwenye timu, na Julai mwaka huo huko Stockholm akatwaa medali ya dhahabu ya mita 100 na ya fedha katika kupokezana.

Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1916 haikufanyika kwa sababu ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Lakini kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka 1914, Duke alialikwa Australia na chama cha kuogelea cha New South Wales. Ni safari hii ambayo kila anayetaka kuunda ubao wake wa kwanza angefaa kuijua.

Alikwenda kushindana katika kuogelea, na hakuchukua ubao. Waaustralia walikuwa wamesikia habari za kusimama juu ya mawimbi, wakamwomba awaonyeshe. Hapakuwa na redwood yake, wala koa, wala karakana yake. Kulikuwa na ufuo wa Freshwater, kaskazini mwa Sydney, na wauza mbao wa mjini. Akatafuta aina ya msonobari iitwayo sugar pine, nyepesi na rahisi kuchonga, akachonga ubao uliopungua futi 9. Yaani mtu yule yule, mwili ule ule, safari hii alichukua kipimo kifupi kuliko cha kwao. Ubao wenyewe haukuwa mwepesi, ulikuwa mzigo wa zaidi ya kilo 30, lakini uliundwa kwa kile kilichokuwepo na kwa ufuo asiouzoea.

Katika kiangazi kile cha kuanzia Desemba 1914 hadi mwanzoni mwa 1915, umati ulisimama mchangani ukamtazama akitoka nje kabisa ya mawimbi kwa mikono, akageuka, akasimama, akarudi nchi kavu wima. Katika maonyesho hayo alimpakia pia msichana wa hapo, Isabel Letham, aliyekuwa na miaka 15, wakateleza wawili juu ya ubao mmoja. Isabel alikuja kuwa mwalimu wa kuogelea na mmoja wa watu wanaoenziwa katika historia ya mchezo huo Australia. Ubao Duke aliuacha huko, na mpaka leo umehifadhiwa katika klabu ya waokoaji ya Freshwater. Nchi ambayo sasa hutoa mabingwa wa dunia ilijifunza mengi kwa kuutazama ubao uliochongwa na mgeni kwa mti wa dukani.

Funzo la Freshwater ni hili: usingoje mti wa Ulaya au foamu ya ghali ndipo uanze, na usilazimishe kipimo cha pwani nyingine kwenye pwani yako. Mafundi wa Matondoni hawachongi dau kwa kuangalia picha. Fundi huuliza litapita wapi, litabeba nini, na mbao zilizopo ni zipi. Akishajua hayo, ukubwa wa chombo umeshaanza kujionyesha.

Vita vilipokwisha, Duke alirudi Olimpiki. Huko Antwerp mwaka 1920, akiwa na miaka 30, alichukua dhahabu mbili, ya mita 100 na ya kupokezana. Paris mwaka 1924 alishindwa na kijana Johnny Weissmuller, ambaye baadaye alikuja kuwa Tarzan wa sinema. Duke alipata medali ya fedha, na ya shaba ikaenda kwa mdogo wake, Sam Kahanamoku. Alikuwa na karibu miaka 34, umri ambao waogeleaji wengi wa zama zake walikuwa wameshatundika taulo.

Medali hazikumlisha. Sheria za michezo ya ridhaa zilimkataza mshindani kulipwa kwa kipaji chake, na aliyekiuka alifungiwa. Alihamia Los Angeles, akapata sehemu ndogo ndogo katika filamu za Hollywood, mara nyingi akivishwa nguo za chifu wa porini wa nchi yoyote aliyoitaka mwongozaji. Alikuwa bingwa wa dunia aliyeweza kukataliwa huduma mahali kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Siku zake za mapumziko alizipeleka baharini, na ubao wake alikuwa nao.

Asubuhi ya tarehe 14 Juni 1925 alikuwa Corona del Mar, karibu na mlango wa bandari ya Newport, California. Bahari ilikuwa imechafuka. Boti ya wavuvi wa starehe iitwayo Thelma, yenye watu 29, ilijaribu kuvuka pale mlangoni, ikapigwa na mawimbi na kupinduka. Duke na wenzake wachache walichukua mbao zao wakaingia. Aliwafikia watu waliokuwa wakizama, akawapakia juu ya ubao, akawapeleka ufukweni, akarudi tena. Watu 17 walikufa siku hiyo. Waliookoka walikuwa 12, na wanane kati yao waliokolewa na mkono wa Duke mmoja.

Hapa ndipo suala la vipimo linapoacha kuwa la mchezo. Ubao wa bingwa wa leo, mfupi na mwembamba, humwelesha mtu mmoja kwa shida. Ule wa Duke ulikuwa mrefu, mpana na mnene kiasi cha kubeba mtu aliyelegea, na wa pili akining'inia ubavuni, huku mwenyewe akipiga mikono kwenye maji yanayochemka. Baada ya tukio la Thelma, waokoaji wa fukwe za California walizidi kuutumia ubao kama chombo cha kazi. Sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa kupinduka kwa chombo ni nini. Mtongwe, Aprili 1994, watu 272 walikufa umbali mfupi na nchi kavu. Sisemi mbao zingewaokoa wote. Nasema mtu akizama karibu na ufuo, kinachofaa ni kile kinachoelea, kilicho karibu, na kinachoweza kubeba watu wawili.

Katika miaka ile ile alikuja Waikiki Mmarekani mmoja, Tom Blake, mwogeleaji aliyevutiwa sana na Duke. Blake alizichunguza olo za machifu zilizohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Bishop, Honolulu, akatengeneza za kuigiza. Ili kupunguza uzito alianza kwa kutoboa ubao matundu mengi na kuufunika juu. Baadaye akaja na muundo wa uwazi ndani, wenye mataruma kama ya chombo na mbao nyembamba juu yake, na mwaka 1932 akapata hataza yake. Pezi la chini nalo ni yeye aliyelitia, mwaka 1935.

Duke naye, mnamo mwaka 1930, akaurudia ubao wa mababu. Akaunda wa koa, urefu futi 16, uzito kilo 52 hivi. Wakati wenzake wanakwenda kwenye wepesi, yeye alikwenda kwenye uzito. Ilikuwa haki yake. Alikuwa na miaka 40, mwili ungali na nguvu, na alikuwa amekaa na mawimbi ya Waikiki maisha yake yote. Ubao kama huo ukimponyoka mtu asiyeujua, unaweza kumvunja mbavu aliye mbele. Huo ulikuwa ubao wa mwisho wa safari ndefu, na anayeanza hana sababu ya kuuiga, kama asivyo na sababu ya kuiga kiubao cha futi tano na nusu cha bingwa wa leo. Vyote viwili ni vipimo vya watu waliokwisha kufika.

Alirudi kukaa Honolulu. Kwa muda alisimamia vituo vya petroli na kuwajazia wateja mafuta kwa mkono wake, jambo lililowasikitisha wengi waliomjua. Katika miaka ya 1930 wananchi walimchagua kuwa mkuu wa polisi wa kaunti, wakaendelea kumchagua kwa zaidi ya miaka 25. Mwaka 1940 alimwoa Nadine Alexander, mwalimu wa dansi. Serikali ilimtumia kuwapokea wageni mashuhuri na kumpa cheo cha heshima cha balozi wa visiwa, lakini cheo hakikuwa na mshahara wa maana. Katika uzee ndipo jina lake lilipoanza kumlipa kidogo, kwa nguo na kwa mashindano ya mawimbi yaliyoitwa kwa jina lake.

Alifariki tarehe 22 Januari 1968 akiwa na miaka 77. Majivu yake yalipelekwa kwa mitumbwi na kumwagwa nje ya Waikiki. Mwaka 1990 sanamu yake ya shaba ilisimamishwa ufukweni hapo, mikono wazi, ubao nyuma yake, uso ukielekea barabarani. Wapanda mawimbi wakalalamika kwamba Duke asingeipa bahari kisogo. Malalamiko hayo nayapenda, kwa sababu yanaonyesha kwamba watu wake wanamkumbuka kwa adabu yake kwa bahari kabla ya medali.

Sasa kijana wangu, turudi kwenye msumeno wako. Kwa maisha ya Duke, maswali ni manne, na yana mpangilio.

La kwanza ni mwili. Ubao huelea kwa ujazo wake, na ujazo hupimwa kwa lita. Kwa anayeanza, hesabu inayotumika sana ni lita 1 kwa kila kilo ya mwili, na kuzidi kidogo si kosa. Ili ukadirie, zidisha urefu kwa upana kwa unene katika sentimita, gawanya kwa 1,000 upate lita, kisha chukua sita ya kumi ya jibu, kwa sababu omo na tezi zimechongoka na kingo zimeviringwa. Mfano: futi 9 ni sentimita 274, inchi 22 na nusu ni sentimita 57, inchi 3 ni sentimita 7.6. Utapata karibu lita 119, na sita ya kumi yake ni kama lita 71. Kijana wa kilo 65 ana akiba hapo. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa kiubao cha futi 5 na inchi 10, upana inchi 18 na nusu, unene inchi 2 na robo. Utapata chini ya lita 30. Ndiyo maana jirani yangu mmoja, kijana hodari wa kuogelea, aliuunda wa namna hiyo kwa pesa za miezi mitatu, na sasa umeegemezwa ukutani ukikaushiwa dagaa.

La pili ni wimbi. Kwenye ghuba ya mchanga yenye mawimbi laini yanayosukuma polepole, urefu na upana ni rafiki. Futi 8 hadi 9 na nusu, upana inchi 22 hadi 23, unene inchi 3 hivi, humfaa mtu mzima wengi wa kiasi chetu. Omo iwe ya mviringo, isiwe mkuki, maana siku za mwanzo ubao utakupiga wewe na mwenzako. Ukiwa mtoto wa kilo 40, punguza urefu kwanza, upana upunguze mwisho, kwa sababu upana ndio unaokupa utulivu wa kusimama.

La tatu ni kitu unachoundia. Mti mzito hutumia sehemu ya ujazo kujielesha wenyewe kabla haujakubeba wewe, kwa hiyo ubao wa mti mzima hutaka kuwa mrefu au mnene zaidi ya ule wa foamu. Mkoko na mvule viache kwa vyombo. Ukitumia foamu nyeupe ile ya kufungia vyombo vya umeme, usiipake resini ya poliesta wanayotumia mafundi wa boti za faiba, maana itaiyeyusha mbele ya macho yako. Hiyo hutaka epoksi. Vaa barakoa unapopiga msasa. Na kwa sisi tulio na mafundi, njia ya Tom Blake ipo wazi: mataruma mepesi ndani, plaiwudi nyembamba juu na chini, kizibo cha kutolea maji. Fundi yeyote wa Lamu au Kipini akiiona mara moja atajua la kufanya.

La nne ni kazi. Ubao huu utakuwa wa nini? Kama ni wa kujifunza, kufundishia wageni na kuwa karibu mtu anapozidiwa na maji, uwe mkubwa. Ukishajua, wa pili utaufupisha mwenyewe. Bandu bandu humaliza gogo: ubao mkubwa unaweza kuupunguza, mdogo hakuna awezaye kuurefusha.

Duke hakuanzia kwenye futi 16, wala hakubaki kwenye futi 10. Mwaka 1910 aliuliza mwili wake na mawimbi ya Waikiki. Mwaka 1914 aliuliza ufuo wa wenyewe na duka la mbao. Mwaka 1930 aliwauliza mababu. Nawe wa kwanza uliza maji ya Malindi, na kilo zako, na mti ulio mkononi mwako. Kisha pima, upime tena, ndipo ukate. Na siku ya kuutia majini nenda na mwenzako, kamba ikiwa mguuni, kukiwa na mtu ufukweni anayejua kuogelea.